Nani Amshushe Joki?



Nianze na kikuku. Sisemi kikuku cha bibi arusi, nasema kile chuma kinachoning'inia ubavuni mwa tandiko la farasi, mpandaji anakotia mguu. Mwaka 1959, katika mbio za Grand National zinazofanyika Aintree, pale Liverpool, joki mmoja Mwingereza aitwaye Tim Brookshaw alikuwa juu ya farasi aitwaye Wyndburgh. Waliporuka kiunzi cha Becher's Brook katika mzunguko wa pili na kutua, kikuku kimoja kikakatika. Vilibaki viunzi vinane. Brookshaw akauchomoa na mguu wa pili, maana kuegemea upande mmoja kwa mwendo ule ni kujitafutia kaburi, akambana farasi kwa mapaja matupu mpaka mwisho. Alimaliza wa pili, nyuma ya Oxo kwa urefu wa farasi mmoja na nusu hivi.

Kisa hicho wapenzi wa mbio husimuliana mpaka leo. Kinachofuata hakisimuliwi sana. Desemba 1963, kwenye uwanja uleule, Brookshaw alianguka, akavunjika uti wa mgongo na kupooza. Miezi mitatu baadaye, katika Grand National ya Machi 1964, joki mwenzake Paddy Farrell alirushwa kwenye kiunzi kiitwacho The Chair, naye akavunjika mgongo. Wanaume wawili, msimu mmoja, uwanja mmoja. Mchezo uliokuwa ukiwapangia kila kitu, kuanzia uzito wa kubeba hadi rangi ya shati la kuvaa, haukuwa na utaratibu wa maana wa kuwatunza. Ikabidi marafiki wapitishe bakuli. Mmoja wao alikuwa John Lawrence, mwandishi wa habari na mpandaji wa ridhaa, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Oaksey. Mchango ule ndio uliokua ukawa Injured Jockeys Fund, mfuko ambao leo una nyumba tatu za tiba na mazoezi ya viungo: Oaksey House huko Lambourn, Jack Berry House huko Malton, na Peter O'Sullevan House huko Newmarket.

Nawavulia kofia waliouanzisha. Lakini bakuli lilipita kwa sababu wenye mchezo hawakuwapo. Jambo ninalotaka kulisema leo linaanzia hapo: mamlaka za mbio za farasi zimejifunza, tena polepole, kumshusha joki aliyeumia, hazijajifunza vya kutosha kumlisha akishashuka. Na maadamu hazijajifunza, joki ataendelea kuficha maumivu yake, na daktari ataendelea kudanganywa.

Nitamwita joki, kwa kuwa "mpanda farasi" ni mtu yeyote aliyekaa juu ya mnyama, hata mtalii wa ufukweni. Joki ana leseni. Leseni hiyo ameitoa mtu fulani, na anayetoa leseni anaweza kuizuia. Tafadhali likumbukeni hilo, nitalirudia.

Kuna mbio za tambarare, ambazo farasi hukimbia bila kuruka kitu, na kuna mbio za viunzi, ambazo zina mizizi mirefu Uingereza, Ireland na Ufaransa. Katika tambarare joki huanguka mara chache: takriban mara moja katika kila mbio 250 anazopanda. Katika viunzi anaweza kuanguka mara moja katika kila mbio 15 hadi 20. Joki mwenye kazi nyingi hupanda mbio mia kadhaa kwa msimu. Pigeni hesabu wenyewe. Huu ni mchezo ambao gari la wagonjwa hukimbia nyuma ya wachezaji, kwenye njia yake pembeni ya uwanja, na gari lisipokuwapo mbio hazianzi. Sijui kazi nyingine ya kulipwa ambayo msafara wake wa kawaida ni huo, labda ya askari.

Basi katika kazi ya namna hii, kupona haraka huwa ni sifa. Mnamo Aprili 1981, Lester Piggott, joki maarufu kuliko wote wa zama zake, alikuwa ndani ya kizimba cha kuanzia mbio huko Epsom. Farasi wake akapatwa na kichaa akajipenyeza chini ya lango. Piggott aliburutwa, sikio lake likakaribia kung'oka. Alishonwa nyuzi 31. Wiki moja baadaye alishinda mbio kubwa za 1000 Guineas akiwa juu ya Fairy Footsteps. Magazeti yalifurahi. Tony McCoy, bingwa wa viunzi wa Uingereza kwa misimu 20 mfululizo, alivunjika pingili mbili za uti wa mgongo huko Warwick, Januari 2008. Alifanyiwa upasuaji, kisha akawa anaingia kwenye chumba cha baridi kali, zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, ili apone upesi. Machi alikuwa Cheltenham juu ya farasi, kwenye tamasha kubwa kuliko yote ya mbio za viunzi. Ruby Walsh wa Ireland alipasuka bandama mnamo Novemba 2008, ikatolewa, na kabla ya wiki nne kwisha alikuwa amerudi kazini.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chumba cha majoki kinaishi kwa methali hiyo bila kuijua. Ila koleo wanalolizungumzia ni mfupa wa mtulinga, na mhunzi hana koleo lingine kibandani.

Simcheki mtu na wala simlaumu McCoy. Ni mwanamichezo wa ajabu. Alishinda mbio zaidi ya 4,000 na madaktari walimruhusu. Ninachouliza ni hiki: sisi tunaoshangilia tunashangilia nini hasa? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Joki akisifiwa kwa kupanda na mbavu zilizovunjika, anayemfuata, ambaye hana jina wala daktari wa kumwita usiku, atajifunza kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na huyo wa pili ndiye ninayemhofia zaidi. McCoy akiumia, mkufunzi humsubiri. Kijana aliyepata farasi watatu tu mwezi mzima, akiumia, hakuna anayeona kwamba hayupo.

Turudi kwa Walsh, kwa sababu safari yake ya mwisho wa kazi inafundisha kuliko mhadhara kama huu wangu. Novemba 2017 alivunjika mguu huko Punchestown. Tamasha la Cheltenham lilikuwa katikati ya Machi 2018. Alirudi kupanda takriban wiki moja kabla ya tamasha. Siku ya kwanza alishinda. Siku ya pili, tarehe 14 Machi, farasi wake Al Boum Photo akaanguka kwenye kiunzi, na mguu uleule ukaumia tena. Tamasha likaisha kwake pale. Hakuvunja kanuni yoyote. Alipimwa, akapitishwa. Inawezekana mguu ungevunjika hata kama angepumzika mwaka mzima, maana farasi wa nusu tani akikuangukia haulizi tarehe ya kupona. Lakini mnaona jinsi kalenda ilivyokuwa imekaa mezani pamoja na daktari. Mfupa una siku zake, Cheltenham ina siku zake, na katika mvutano huo Cheltenham haijawahi kuahirishwa kwa ajili ya mfupa wa mtu.

Kwa nini joki asisubiri? Jibu fupi ni kwamba asiyepanda halipwi. Malipo yake ni ada ya kila mbio, na sehemu ya zawadi akishinda. Wachache sana wana mkataba na mwenye farasi. Wengine ni vibarua wa siku, sawa na kuli bandarini au kijana wa bodaboda, ambaye akivunjika kifundo cha mkono hufunga kitambaa akarudi kijiweni kwa sababu mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni. Uingereza kuna mpango wa bima wa majoki unaochangiwa na wenye farasi, na aliyeumia hupata malipo ya kila wiki. Hilo ni jambo jema, wengi duniani hawana hata hilo. Lakini hasara kubwa ya joki haiko kwenye ada ya wiki ile. Iko kwenye kiti. Farasi hawezi kusubiri. Msimu wake ni mfupi, na mwenye mali anataka akimbie. Novemba 2010 Walsh, yuleyule, alivunjika mguu siku ileile aliyoshinda juu ya Kauto Star huko Down Royal. Kauto Star alikuwa mmoja wa farasi wakubwa wa karne hii, na Walsh ndiye aliyekuwa mpandaji wake. Ilipofika Januari 2011, katika mbio za King George, juu ya mgongo wa Kauto Star alikuwa McCoy. Hiyo ni kwa mkubwa, naye kiti chake alikirudia. Mdogo akikiacha kiti kwa wiki sita, anaporudi hukuta kijana mwingine amekaa, ameshinda mara mbili, na mkufunzi anamwangalia dirishani kama mtu aliyepotea njia.

Hivyo anaficha. Majoki wenyewe, wakishastaafu, hawaoni haya kusema walivyowaficha madaktari. Mbavu zilizovunjika hazionekani chini ya shati. Mtulinga unafungwa kwa plasta. Kidonge cha maumivu kinamezwa msalani. Daktari wa uwanjani akiuliza, jibu ni moja: niko sawa. Kigumu zaidi ni kichwa, kwa sababu mtikisiko wa ubongo hauvimbi wala hauvuji damu, na mtu mwenye mtikisiko ndiye asiyefaa kabisa kuulizwa kama ana akili timamu.

Hapa ni lazima niwape mamlaka haki yao. Uingereza, joki ana rekodi yake ya tiba, na akianguka vibaya daktari wa uwanja huandika humo alama nyekundu. Mwenye alama hiyo hapandi popote hadi daktari aliyeidhinishwa aifute. Dakta Michael Turner, aliyekuwa mshauri mkuu wa tiba wa mchezo huo kwa takriban miaka 20, hadi 2013, alisimamia mabadiliko makubwa kuhusu kichwa. Zamani aliyepoteza fahamu alipewa idadi ya siku za kukaa nje, kama kifungo. Matokeo yake yalikuwa kwamba kila mtu alijua bei ya kusema kweli, na wengi hawakuinunua. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila joki wa kulipwa hupimwa kumbukumbu na wepesi wa akili akiwa mzima, na matokeo huhifadhiwa. Akiumia kichwa, hupimwa tena na kulinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe. Hata hapo ujanja haukuisha, maana mtu anaweza kujifanya mzito siku ya kipimo cha kwanza ili baadaye apite kirahisi. Lakini lilikuwa jambo la busara, na michezo mingine ilijifunza kwalo.

Kuna pia jambo la uzito, nalipita haraka ingawa lingetosha mhadhara mzima. Joki hujikausha: hali chakula, hanywi maji, anatokwa jasho kwa makusudi ili mizani imkubali. Watafiti wa Ireland wamekuta mifupa ya majoki wengi ina uzito mdogo kuliko inavyotakiwa kwa vijana wa umri wao. Yaani mchezo unaowaangusha watu mara kwa mara unawataka kwanza wapunguze uimara wa kile kitakachogonga ardhi. Vyumba vya mvuke vilikuwa vya kawaida viwanjani Uingereza hadi vilipofungwa wakati wa korona, na mwaka 2021 ikaamuliwa visifunguliwe tena. Ilihitaji gonjwa la dunia nzima ili milango ile ifungwe.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia kila nikizungumzia jambo hili. Joki ni mtu mzima. Anajua hatari, anaipenda, analipwa kwa ajili yake. Akitaka kupanda akiwa na ubavu uliovunjika, mwili ni wake.

Nitakubali nusu. Mwili ni wake akiwa peke yake mashambani alfajiri. Katika mbio yuko katikati ya farasi kumi, ishirini, hata thelathini na kitu, wote wanakwenda kasi ya gari, wamebanana kiasi cha viatu kugusana. Mkono wake mmoja ukikosa nguvu ya kuvuta hatamu, anayeanguka anaweza kuwa mwingine, nyuma yake, aliyekuja akiwa mzima. Farasi pia hakuulizwa. Na yule aliyeweka shilingi zake kwenye dirisha la kubashiri aliambiwa farasi ana uzito gani na alikimbia wapi mara ya mwisho. Hakuambiwa kwamba aliyemshika hatamu hawezi kuinua bega.

Mahakama za Uingereza zimezunguka jambo hili, la nani awajibike joki akiumizwa, kwa miaka mingi. Mwaka 1994 huko Hexham, joki Peter Caldwell aliumia kiasi cha kuacha kazi. Waliohusika, Adrian Maguire na Mick Fitzgerald, waliadhibiwa na wasimamizi wa mbio kwa kupanda bila uangalifu. Caldwell aliwashtaki akashindwa, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo: katika joto la mbio, kosa dogo la uangalifu halitoshi kuwa uzembe wa kulipia fidia. Kwa miaka ishirini hivi ukuta huo ulionekana haupandiki. Kisha kikaja kisa cha Freddie Tylicki, aliyeanguka Kempton mnamo tarehe 31 Oktoba 2016 na kupooza. Siku ileile wasimamizi walisema ilikuwa ajali. Desemba 2021 Mahakama Kuu ilisema vingine, ikaamua kwamba joki mwenzake Graham Gibbons aliwajibika kwa kutojali usalama wa Tylicki.

Kesi zote mbili ni za joki dhidi ya joki. Nani alikuwa hayupo kizimbani? Aliyetoa leseni.

Hukumu inayonigusa zaidi haitoki kwenye farasi, inatoka ulingoni. Septemba 1991, bondia Michael Watson alipigana na Chris Eubank kwenye uwanja wa Tottenham, London. Watson alianguka na damu ikavuja ndani ya fuvu. Ulingoni hapakuwa na daktari mwenye vifaa vya kumhudumia papo hapo kwa jeraha la namna ile, na dakika zilizopotea ndizo zilizomharibu. Aliishtaki Bodi ya Ngumi ya Uingereza, na mwishoni mwa mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba Bodi ilikuwa na wajibu kwake. Sababu yake ni rahisi kuieleza hata kwa bibi yangu: Bodi ndiyo iliyopanga kanuni za tiba, bondia hakuwa na njia ya kupanga zake, naye aliitegemea. Alipopigwa ngumi, alijitakia. Alipokosa huduma, hakujitakia. Bodi ililipa pauni 400,000, na ilibidi iuze makao yake London.

Mimi si jaji. Lakini nikiisoma hukumu ile sioni kwa nini mantiki yake iishie kwenye kamba za ulingo. Mamlaka ya mbio ndiyo inayoamua madaktari wawepo wangapi, rekodi iandikwe nini, joki apimwe lini. Ndiyo inayopanga ratiba ya mbio karibu kila siku ya mwaka, kiasi kwamba mwili hauna msimu wa kupona. Huwezi kushika funguo zote za nyumba kisha, ikiungua, ukasema ulikuwa mpita njia.

Anayedhani bima ni jambo dogo la makaratasi, na aende Marekani, mwaka 2004. Julai ya mwaka huo, joki Gary Birzer alianguka katika uwanja wa Mountaineer huko West Virginia na kupooza. Bima ya uwanja ilikuwa na ukomo wa dola 100,000, ambazo kwa bei za hospitali za kule ni kama kumwaga kikombe baharini. Familia ikageukia chama cha majoki, Jockeys' Guild, kwa kuwa wanachama wengi waliamini kina bima ya dola milioni moja kwa majanga makubwa. Wakaambiwa bima hiyo iliachwa ife tangu 2002. Walikuwa wamepanda miaka miwili bila mwavuli, wakiamini wanao. Novemba 2004 majoki wa Churchill Downs, nyumbani kwa Kentucky Derby, walianza kukataa farasi kwa sababu ya bima, na uwanja ukawafukuza 14. Mwaka 2005 jambo likafika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mkuu wa chama akaondolewa.

Katika kisa hicho chama cha wafanyakazi wenyewe ndicho kilichowaangusha, kwa hiyo msifikirie nasema mamlaka ni shetani na majoki ni malaika. Nasema jambo la aina hii likiachwa lielee kati ya uwanja, chama, mwenye farasi na serikali ya jimbo, linaanguka katikati, na chini yake yupo mtu. Katika baadhi ya majimbo, New York ikiwemo, joki huingizwa kwenye fidia ya wafanyakazi kama fundi wa ujenzi. Kwa nini kwingine isiwezekane, sijasikia sababu iliyonishawishi.

Niwape ulinganisho mmoja unaoniudhi. Tangu Januari 2018, farasi anayekimbia Uingereza akifanyiwa upasuaji wa koo ili apumue vizuri, ni lazima itangazwe kwa umma kabla ya mbio zake za kwanza baada ya hapo, ili wanaobashiri wajue. Kabla ya Grand National, farasi hutembezwa na kukimbizwa mbele ya madaktari wa mifugo, na anayechechemea hatoki. Nayaunga mkono yote hayo kwa mikono miwili. Siri ya mgonjwa nayo naiheshimu, sitaki mbavu za mtu zibandikwe ukutani. Lakini mamlaka inayoweza kukagua miguu ya farasi 34 kabla ya mbio moja haiwezi kuniambia kwamba kupima mabega ya watu 34 ni kazi kubwa mno.

Na wasituambie mambo haya yamekuwa hivi tangu enzi na enzi. Desemba 1923, Kapteni Bennet, aliyekuwa ameshinda Grand National mwaka uleule, alianguka Wolverhampton akapigwa teke la kichwa, akafariki Januari iliyofuata. Kofia ngumu zikawa lazima katika mbio za viunzi mwaka 1924. Wako waliolalamika kwamba ni kuwadekeza wapandaji. Leo hakuna joki anayepanda bila kofia, na hakuna anayemwona mwoga.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu huko Ghuba. Kwa miaka mingi mbio za ngamia za Falme za Kiarabu zilipandwa na watoto wadogo waliotolewa Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, wengine hata hawajajua kusoma. Kila aliyeulizwa alisema ndio utamaduni, ngamia hataki mtu mzito. Mwaka 2005 sheria ilikataza mtu yeyote chini ya miaka 18 kupanda, na kwa msaada wa UNICEF zaidi ya watoto 1,000 wakarudishwa kwao. Ngamia wakawekewa roboti ndogo mgongoni, wenye mali wakafuata kwa magari pembeni wakiwa na rimoti, na mbio zikaendelea. Mwenye mamlaka alipoamua, hakuhitaji miaka mia. Naomba msisahau hilo mtu anapowaambia mabadiliko ni magumu.

Ni mabadiliko gani ninayoyataka? La kwanza tayari lipo katika nchi chache na linafaa kuwepo kila mahali: neno la daktari liwe la mwisho, na daktari huyo asiajiriwe na mwenye uwanja wala mwenye farasi. La pili ndilo kubwa. Siku daktari anapoandika alama nyekundu, malipo ya joki yaanze siku hiyohiyo, bila kuomba, kwa wastani wa alichokuwa akipata, mpaka alama ifutwe. Fedha zipo. Uingereza makampuni ya kubashiri hutozwa asilimia 10 ya faida yao ghafi itokanayo na mbio za nchini, nazo hurudi kwenye mchezo. Nchi inayochukua tozo ya aina hiyo haiwezi kulalamika umaskini. Kijana akijua kwamba kusema kweli hakumnyimi chakula cha wiki, atasema kweli. Asipojua hivyo, tumemwekea daktari ili amkimbie.

Kiti sijui kama kinaweza kulindwa kwa kanuni. Farasi ni mali ya mtu, naye atampa amtakaye. Labda hapo ndipo wajibu unapoondoka kwa mamlaka na kuwaendea wakufunzi, ambao wakitaka wanajua kumwambia kijana, "Pona, farasi wako yupo." Wapo wanaosema hivyo. Si wengi.

Nabakiwa na wale wanaotaka kurudi baada ya kuumia sana. Brian Toomey alianguka Perth, Scotland, mnamo Julai 2013. Moyo ulisimama kwa sekunde kadhaa, sehemu ya fuvu ikaondolewa ili ubongo upate nafasi, na baadaye akawekewa bamba la titani. Mamlaka ilimpima kwa muda mrefu, ikamrudishia leseni, na Julai 2015 alipanda tena huko Southwell. Wako waliosema ni wazimu. Mimi nimeshindwa kuwaunga mkono. Mtu yule alipimwa na wataalamu wasiokuwa na farasi wa kukimbiza siku hiyo, hakuharakishwa na tamasha lolote, akajibiwa ndiyo. Angeweza kujibiwa hapana. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi na kusukumwa.

Mabibi na mabwana, Kenya tuna uwanja wetu, pale Ngong, Nairobi, na Jockey Club of Kenya ndiyo mamlaka yake. Mbio ni za tambarare, umati ni mdogo kuliko wa zamani, na watoto hucheza majanini huku wazazi wakibashiri. Mkienda Jumapili, furahini kama nifurahivyo mimi. Lakini mmoja wenu, baada ya mbio za mwisho, na aende kwa upole hadi ofisi ya wasimamizi akaulize jambo moja tu: joki aliyeshushwa leo na daktari, kesho analipwa na nani? Akipewa jina la mtu na kiasi cha fedha, naomba aniandikie, nitafurahi kukosolewa. Akiambiwa asubiri, na asubiri palepale mlangoni.